Maiki Zilizolala Chini ya Kitanda

Mama Spika hakuzaa spika. Jina hilo alibandikwa na watu, kwa sababu kila penye harusi, semina au mahafali, ndiye aliyefika wa kwanza akiburuta spika mbili nyeusi zenye kimo cha mtoto wa miaka saba, na ndiye aliyeondoka wa mwisho akikunja nyaya. Darasani hakumaliza miaka miwili. Lakini maiki ikikoroma, alijua kwa sikio tu kama ni betri, ni waya, au ni mgeni rasmi aliyeitia mdomoni kama muwa.

Kazi hiyo aliianza na mumewe, wakaifanya miaka kumi na tisa, mume akiunganisha na yeye akibeba. Kisha mume akaajiriwa na kampuni ya mtandao, akapewa shati lenye nembo kifuani, na mwaka haukuisha akapata mke mwingine, msichana wa duka la simu. Mama Spika alitolewa ndani mchana kweupe, sufuria zikiwa bado na povu. Alichoambulia ni zile spika mbili na sanduku la maiki nne zisizo na waya. Mume alimwambia hivyo vitamtunza, kwa sauti ya mtu anayemwachia paka mifupa.

Mtu mmoja tu alisimama upande wake, naye ni mama mkwe. Bibi huyo alipanda kutoka bondeni kwa mguu wake mbovu, akaketi kizingitini, majirani wakiwa wamejaa uani, akamwambia mwanawe:

"Wewe umemwacha. Mimi sijamwacha."

Tangu siku hiyo Mama Spika aliendelea kumwita mama, na kila alipopata nafasi alishuka bondeni kumfulia na kumchotea maji.

Sasa, kampuni ile ya mtandao ilikuwa na ujanja wake. Televisheni husafiri hewani kila stesheni na chaneli yake, na kati ya chaneli hizo zipo nyingine ambazo hazina mwenyewe, zimekaa tupu kama viti vya mbele kwenye mkutano. Mawimbi ya chaneli hizo yana miguu: huzunguka kilima na kupenya miti, mahali ambapo mtandao wa kawaida hugonga mwamba ukarudi. Kampuni ikapewa ruhusa ya kupitisha intaneti humo. Zahanati ya bondeni, ambako zamani nesi alilazimika kupanda kilima na simu juu ya kichwa akitafuta mtandao, ikawekewa mtambo mdogo juu ya mlingoti, na mtandao ukaingia hadi chumba cha sindano.

Sharti lilikuwa moja, kwamba aliyekutwa humo asibughudhiwe. Maiki za Mama Spika zilitumia mojawapo ya chaneli hizo tupu, na zilikuwa zimeandikishwa. Bahati mbaya ndiyo chaneli pekee iliyofika vizuri bondeni; nyingine ziliguswa na stesheni za ng'ambo ya kilima. Kwa hiyo kila Jumatatu binti mmoja wa kampuni alimpigia simu kumuuliza maiki zitafanya kazi siku gani kwenye ukumbi wa harusi na mikutano wiki hiyo. Siku atakayoitaja inaingizwa kwenye kompyuta, na siku hiyo mtambo wa bondeni hunyamaza wenyewe kutwa nzima, kupisha. Mama Spika alizoea kutaja Jumamosi, mara chache na Alhamisi. Ulikuwa utaratibu mzuri, ukiwa mikononi mwa mtu mwenye moyo mweupe.

Fundi wa mtambo wa bondeni alikuwa nani? Yule yule aliyemwacha.

Ikatokea ukumbi ukaezuliwa paa ili upigwe mabati mapya. Kazi ya mwezi mzima. Mama Spika alitoa betri, akazifunga maiki kwenye kanga kuukuu, akazisukuma chini ya kitanda. Jumatatu ile simu ya binti ilimkuta ametoka sokoni, ambako yule msichana wa duka la simu alikuwa amemwamkia kwa adabu zote, shikamoo dada, kisha akamuuliza, huku akitazama mabega yake, kama bado anabeba. Mama Spika alikuwa hata hajatua kikapu.

"Wiki hii siku gani, mama?"

"Kila siku."

"Hata Jumapili?"

"Jumapili ndiyo zaidi, mwanangu."

Akakata simu. Ilikuwa raha. Tusidanganyane, ilikuwa raha. Jumatatu iliyofuata akasema vile vile, na ya tatu pia. Bondeni mtandao ulizimika kama koroboi. Watu wakamtafuta fundi, fundi akawa anajibu kesho utarudi, hadi watoto wakampa jina la Fundi Kesho. Mama Spika aliposikia jina hilo alicheka mpaka akashika ukuta. Alichokuwa akikingojea ni kusikia kwamba shati lenye nembo limevuliwa.

Alichosikia ni kingine. Mama mkwe alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda kwenye kidole cha mguu. Kidonda Mama Spika alikijua, alikwisha kukifunga mara nyingi. Asichokijua ni kwamba kila Jumanne nesi alikipiga picha, akaituma kwa daktari wa mjini, na daktari akajibu badilisheni dawa hii, ongezeni ile. Angeuliza angeambiwa. Hakuuliza. Na wiki zile tatu hakushuka hata mara moja. Aliogopa macho ya Bibi yasimsute. Jumanne tatu picha zilikwama kwenye simu ya nesi, ambaye hakupanda tena kilima kwa kuahidiwa kesho. Weusi uliokuwa ukipanda, nesi aliudhani ni rangi ya dawa. Bibi alipofikishwa mjini, daktari alisema wamechelewa, akaukata mguu juu ya kifundo.

Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Hawakusema aliyeutega afanye nini.

Siku aliyopata habari, Mama Spika alimpigia binti wa kampuni bila kungoja Jumatatu, akasema maiki hazitumiki. Mtandao ukarudi asubuhi yake. Bibi aliporudishwa nyumbani, Mama Spika alihamia huko kumuuguza. Nesi akaja kupiga picha ya kigutu, akaituma, na jibu likaja kabla hajamaliza kunawa mikono. "Laiti ungekuwepo mwezi uliopita," nesi aliuambia mtandao, kama vile ni mtu. Mama Spika akageukia ukuta akajifanya anakunja shuka.

Lakini hayo yalikuwa mepesi. Lililokuwa zito ni kwamba Bibi alimkataa mwanawe. Alisema mguu wake umekwenda na kesho za mwanawe, na asikanyage kizingiti chake tena. Fundi alikuja kila jioni, akasimama kwenye ua na mfuko wa matunda, akaambiwa mama amelala, na mama yumo ndani macho makavu. Kisasi alichokiota mwaka mzima kilikuwa kimeletwa kwenye sinia, na Mama Spika hakuweza kukimeza. Akisema, atapoteza mtu pekee aliyebaki kumwita mwanangu. Asiposema, mama atakufa na kinyongo kwa mtu asiye na kosa, walau si kosa hilo.

Siku tisa alifunga na kufungua bandeji akiwa bubu. Siku ya kumi, bandeji ikiwa nusu, maneno yalimtoka. Alieleza yote, ukumbi usio na paa, simu za Jumatatu, kila siku. Bibi alisikiliza akitazama mikono iliyokuwa ikimfunga.

"Maiki zilikuwa wapi?"

"Chini ya kitanda, mama."

"Hata kuwashwa hazikuwashwa."

"Betri nilitoa."

 Bibi akamwambia amalize kufunga. Alipomaliza, akasema, "Kamwite mwanangu. Nenda wewe mwenyewe."

Alimkuta chini ya mlingoti wa zahanati akiviringa waya. Alimweleza akiwa amesimama mbali, kama anayetarajia kofi. Fundi hakuinua kichwa.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza," alisema. "Mtambo ukinyamaza huandika sababu. Na ukumbi hauna paa, nani hajui?"

"Mbona hukusema?"

"Nilivyokutenda, nikaona acha na wewe ufurahi kidogo. Sikujua habari za picha. Sikuuliza."

Mama Spika alihisi kama ameibiwa. Kumbe hata ubaya wake ulikuwa ni kitu alichoachiwa, kama mtoto anavyoachwa ampige baba yake ngumi za tumboni. Alidhani lawama ikiwa na watu wawili hupungua uzito. Haikupungua hata punje. Njiani fundi alimsihi asimwambie mama kwamba alijua. Alimjibu kwamba la kwake ameshalisema, na la mwenzake si lake kulisema.

Fundi akapiga magoti kando ya kitanda. Bibi akamshika kichwa kwa mikono miwili, akalia kwa mara ya kwanza tangu akatwe mguu, akamwomba mwanawe msamaha kwa kumsingizia. Mama Spika, mlangoni na beseni mkononi, alingoja fundi aseme lake.  Fundi akasema, "Yameshapita, mama."

Neno likampanda Mama Spika hadi kooni. Akautazama uso wa Bibi, ulivyolegea na kupumzika, akalirudisha. Hakujua kama huo ni wema, au ni kulea ubaya mwingine kama alivyoulea ule wa kwanza. Akatoka uani kusuuza bandeji.

Kutoka ndani alimsikia Bibi akiuliza ni nani yuko nje, na fundi akijibu ni yeye.

"Mwambie akimaliza aende kwake."

Zilibaki bandeji tatu. Alizisuuza, akazikamua, akazianika moja moja bila haraka, na alipoanika ya mwisho, akaenda.