Kiti cha Fundi Mizani

Yule fundi umeme wa magari aliyeitwa Taa hakupewa jina hilo kwa sababu ya kung'aa. Sura yake, Mungu amsamehe, ilikuwa ya mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi. Jina lilitokana na balbu yake ndogo iliyoungwa nyaya mbili, aliyokuwa akitembea nayo kwenye mfuko wa shati na kupimia kila gari. Mteja angeeleza weee, angeapa kwamba gari lake limerogwa na jirani. Taa angemsikiliza kwa adabu, kisha angetoa balbu. Ikiwaka, umeme upo. Isipowaka, haupo, na maneno yameisha. Tena alikuwa na sifa moja ambayo hata waliomwonea gere waliikubali: hakuwahi kumwambia mteja "tayari" kabla hajapima akaona kwamba ni tayari kweli.

Kwa sifa hiyo ndiyo akapigiwa simu na mtoto wa kiume wa marehemu fundi mizani. Marehemu huyo alijulikana sana. Mizani ya dukani ikianza kuwapunja watu, au kumpunja mwenye duka, ambaye ndiye hupiga kelele zaidi, aliitwa yeye. Alikuwa mtu wa mwili hasa, na watu walimwita Tani, naye aliitika bila kununa. Alifariki ghafla mvua za mwaka zilipoanza. Tangu hapo mjane wake aliishi peke yake, chakula anakionja tu, na kila akiambiwa ahamie kwa wanawe alitikisa kichwa. Mwishowe alikubali, kwa sharti moja: ataondoka kwa gari la baba yao, au haondoki. Mtoto angefika kesho yake asubuhi kumchukua. Na gari lenyewe lilikuwa halina umeme hata wa kuwasha kitaa. Amenunua betri mpya, wapi! Mafundi wawili wameshindwa, na wa pili alitoka mbio akaacha spana zake sakafuni.

"Fundi, na wewe ukishindwa, mama yangu atafia mle ndani," alisema yule mtoto.

Taa alifika baada ya mchana. Mjane akampokea mlangoni, mama mdogo wa umbo, nguo zimemlegea mabegani kana kwamba ni za dada yake. Walipopita sebuleni Taa aliona glasi ya maji imefunikwa kisahani juu ya meza, kando ya kiti kikubwa kisichokaliwa. Mama alimwona anaitazama, akaeleza mwenyewe. Siku ile mume wake aliingiza gari bandani, akaja akakaa hapo, akaomba maji. Alipomletea, hakuwa na wa kumpa. Tangu hapo anayabadilisha maji kila siku, maana aliyaomba na hakuyanywa. Taa akaomba aonyeshwe gari.

Banda lilikuwa la mabati, lina joto la kukausha samaki. Ukutani ilining'inia mizani mibovu ambayo wenyewe hawakuirudia, na mishale yake ilitikisika kidogo walipoingia. Gari lilikuwa safi, halina hata vumbi kwenye vioo. Mama akasimama mlangoni, akatoa sharti jingine. "Pima utakavyo, lakini kwenye kiti cha dereva usikae. Hakijakaliwa na mtu mwingine tangu gari linunuliwe. Wenzako nao niliwaambia hivyo." Taa akasema hewala. Neno la mfiwa halibishaniwi, na yeye hakuhitaji kukaa. Funguo aliweza kuzungusha akiwa amesimama nje, ameinama mlangoni.

Akafungua boneti, akatoa balbu. Betri ilikuwa nzima, balbu iliwaka mpaka ikaumiza macho. Akasugua vichwa vya betri, akakaza waya wa bodi, akachomoa fyuzi moja baada ya nyingine na kuzielekeza kwenye mwanga. Zote nzima. Akaipachika balbu kwenye boksi la fyuzi: giza. Basi umeme ulitoka kwenye betri ukapotelea njiani, na kazi ilikuwa kuutafuta ulikopotelea. Alilipenda tatizo la namna hiyo. Alianza hata kupiga mluzi, akakumbuka yuko kwenye nyumba ya msiba, akauacha.

Jioni, jua lilipokuwa linaondoka ukutani, balbu iliyopachikwa kwenye fyuzi ikawaka.

Taa hakuwa amegusa kitu. Akainua kichwa, akachungulia ndani kupitia kioo cha pembeni. Taa ya darini imewaka, dashibodi imewaka, na mto wa kiti cha dereva umebonyea katikati, sawasawa na unavyobonyea ukikaliwa. Kwenye kiti hapakuwa na kitu. Kisha kila kitu kikazima, na mto ukapanda taratibu ukarudi mahali pake.

"Amefika," mama akasema kutoka mlangoni, kwa sauti ya mke aliyesikia mume karudi kazini. "Kila siku saa hizi."

Tuseme ukweli, Taa aliogopa. Akamwelewa vizuri sana yule mwenzake aliyeacha spana. Woga ulimwambia akusanye vifaa. Ubishi ukamwambia apime kwanza. Ubishi ukashinda, kwa mbinde.

Akazunguka nyuma, akafungua mlango wa abiria ulio nyuma ya dereva, akapiga magoti pale miguu inapokaa, akainua zulia. Hapo akauona waya mnene, mwekundu, ambao fundi wa kiwandani hakuuweka. Ulitoka mbele kwenye betri, ukaingia chini ya kiti cha dereva, ndipo ukarudi kwenye boksi la fyuzi. Akamulika chini ya kiti, akacheka peke yake kwa nafuu. Palikuwa na springi ya mizani ya dukani, imefungwa kwa ustadi, na juu yake vibao viwili vya shaba vilivyotazamana. Mtu akikaa, springi inashuka, vibao vinagusana, gari linapata umeme. Akiinuka, gari linakufa. Mzee Tani alijitengenezea kinga yake ya wezi kwa ufundi anaoujua, akaipima kwa kilo zake mwenyewe, na hakumwambia mtu.

"Ndiyo maana alikuwa anasema gari hili linamjua," mama alisema alipoelezwa, na kwa mara ya kwanza akakaribia kucheka. "Mimi nikidhani ni maringo."

Kumbe mafundi wote walishindwa kwa heshima. Kila mmoja alikatazwa kukaa, kila mmoja akatii, na gari lilitaka hilo tu. Kuhusu kuwaka kwenyewe jioni, Taa alisema haraka haraka kwamba bati likipoa na chuma kikijikunja, vibao vinaweza kugusana. Habari ya mto kubonyea Taa hakuigusa kabisa.

"Kwa hiyo halijakataa?" mama aliuliza.

"Halijakataa, mama. Linasubiri mtu akae."

Mama alisimama kando ya mlango wa gari muda mrefu, ameshika kanga ya kichwani kwa mkono mmoja. Hatimaye akaingia, akakaa kwa upole ukingoni, kisha akajisogeza katikati. Akazungusha funguo. Kimya. Akazungusha tena. Uso wake uliokuwa umeanza kufunguka ukajifunga. "Unaona, fundi," akasema. "Hataki niende."

Taa alimweleza kwamba si hivyo, springi ni ngumu, imepimwa kwa mtu wa mwili, na mama ameisha sana kwa huzuni. Taa mwenyewe alikuwa mwembamba wa kupeperushwa, asingeishusha pia. Dawa ni kuiondoa swichi hiyo kwenye njia na kuunga waya moja kwa moja. Akamwomba abaki pale pale, mkono kwenye funguo, asubiri aambiwe. Akarudi nyuma, akapiga magoti, akaukata waya pande zote mbili za swichi, akamenya ncha mpaka shaba ikaonekana. Ncha itokayo kwenye betri akaishika mkono wa kulia, iendayo kwenye fyuzi wa kushoto, akaziweka mbali zisije zikapiga cheche.

Ndipo mama akaanza kusema, na hakuwa akisema naye.

"Baba watoto, kesho wanakuja kunichukua. Sikukimbii. Nimechoka kukubadilishia maji usiyoyanywa." Akashika usukani kwa mkono wa pili. "Nikiondoka bila ruhusa yako sitapata usingizi huko niendako. Kama unaniruhusu, niruhusu. Kama hutaki, nitabaki, na sitakulaumu."

Taa akasikia springi ikilia. Ilishuka polepole mbele ya macho yake, kama anapojishusha mtu mzito mwenye magoti mabovu, na kiti kizima kikakaa chini. Mwanga ukamwagika juu ya kichwa chake. Dashibodi ilikuwa imewaka yote, na taa ya darini, na redio ikaanza kukwaruza.

"Umeshaunga, fundi?" mama aliuliza bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa.

Taa akatazama mikono yake. Ncha moja ilikuwa kulia, nyingine kushoto, na katikati yake palikuwa na upana wa kifua chake mwenyewe. Alijua kwamba akisema neno moja la kweli, mama huyu atajua mumewe bado yupo, hatatoka nyumba hii, atabaki naye, akibadilisha maji mpaka naye aishe.

"Nimeunga, mama," akasema. "Tayari."

Mama akazungusha funguo. Injini ikakohoa, ikashika, ikanguruma, na mizani yote ukutani ikatetemeka. Aliinamisha paji la uso kwenye usukani akalia kwa sauti, analia na kucheka, akisema asante, asante, na Taa alijua kwamba asante ile si yake. Yeye alibaki magotini, mikono imemfa ganzi, hathubutu kuzisogeza zile ncha. Aliona vibaya kumkatiza mtu kazi yake.

Alisubiri mpaka springi ikapanda yenyewe, injini ikazima, na mama akawa anajifuta uso. Ndipo akaunga.