Diski ya Dakika Themanini

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na chumba mjini Meru, nyuma ya duka la dawa za mifugo, ambamo nilihamishia nyimbo kutoka kaseti hadi diski. Kazi hiyo nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma vitabu vya maelezo na kuharibu diski nyingi.

Siku moja alikuja mweka hazina wa kwaya ya upande wa Nkubu, mama wa makamo kama mimi, amekumbatia mkoba. Ndani mlikuwa na kaseti yao ya pekee. Walitaka kuuza nyimbo hizo wamalizie paa la kanisa, na wenye mashine za kutoa nakala Nairobi walitaka ziletwe kwenye diski moja, si mbili.

"Siiachi hapa," alisema kabla hajaketi. "Kwaya ya jirani walimwachia fundi kaseti yao, wakaikuta inauzwa stendi kabla wao wenyewe hawajaipata."

Sikumlaumu. Mimi nami nilikuwa na shaka, ila yangu ilikuwa juu ya diski. Diski za kawaida zilibeba dakika sabini na nne, na nyimbo zao zilizidi hapo. Nilikuwa nimenunua mpya iliyoandikwa dakika themanini, lakini karatasi ya juu hubeba chochote.

Kaseti ilicheza mpaka mwisho huku mweka hazina akifuma sweta, macho kwenye mashine. Nyimbo zote ziliingia kwenye kompyuta. Nilipoirudisha kaseti nyuma, kinasa sauti kikaumeza utepe. Tuliutoa umekunjamana, umekatika mara mbili.

Hakupiga kelele. "Kwa hivyo sasa nyimbo ziko kwako tu."

"Ziko kwa kompyuta, mama."

"Si ndivyo nimesema?"

Programu yangu haikujua habari za dakika themanini. Ilikataa, mpaka nilipopata mahali pa kuiruhusu ipite kikomo chake. Kwanza nikaifanyisha jaribio, bila kuichoma diski, yaani bila kuandika chochote juu yake.

"Inaandika?"

"Bado. Inajifanya inaandika, ione kama itafika mwisho."

"Kumbe nayo hujifanya!" Alicheka kidogo, bila kuacha kunitazama.

Jaribio likapita, nikaichoma diski yenyewe. Ilicheza hadi wimbo wa mwisho.

"Futa zile za ndani," akasema.

Nilimweleza kwamba diski kusomwa na mashine iliyoiandika si ushahidi. Nyingine hukwama kwenye mashine za watu zikikaribia ukingo, penye nyimbo za mwisho. Padri wao alikuwa na mashine ya kuchezea diski. Aijaribu huko kwanza. Tukifuta sasa na diski ikikataa, nyimbo zimekwisha.

"Fundi, hata mwizi angesema hivyo."

"Angesema," nikakubali.

Alifikiri, kisha akainama chini ya meza akachomoa waya wa umeme wa kompyuta. Akautazama, akautazama na wa skrini. "Hizi zinafanana," akasema, akazitia zote mbili mkobani pamoja na diski. Sikumwambia kwamba nyaya kama hizo zilikuwa zikiuzwa ng'ambo ya barabara.

Alirudi baada ya ibada ya Jumapili. Diski ilikuwa imecheza kwa padri mpaka wimbo wa mwisho. Kabla ya kunipa nyaya, aliweka kiganja juu ya kompyuta, kuona kama ina joto.

Ilikuwa baridi.

"Haya," akasema. "Sasa futa."