Mjomba Mloka wa Shimo la Ulanga

Hili sikusimuliwa na mtu. Lilinifika mimi mwenyewe, mchana, akili zangu timamu. Asiyeamini na apande mlima ulio juu ya kijiji cha Matombo. Shimo la ulanga bado lipo, na kuta za ghala la Wadachi bado zimesimama katikati ya migomba.

Ulanga unaujua? Ni yale mawe yanayometameta, yanayochanika tabaka tabaka kama karatasi. Wadachi waliwachimbisha watu wetu mpaka siku dari la shimo lilipoporomoka, wakaliacha. Mjomba wangu Mloka, kaka yake mama, hakuonekana tena. Msimamizi Mdachi akasema ndiye aliyeng'oa nguzo akakimbia. Askari wakaja kumsaka, wakachoma ghala la mahindi la bibi. Wakati huo nilikuwa mdogo mno, hata sura yake siikumbuki. Nikakua nikisikia tukiitwa ukoo wa mtoro. Kwetu Waluguru jina la marehemu hurithiwa na watoto wa ukoo, lakini la Mloka hakuna aliyelitaka.

Siku hiyo, Wadachi wangali wanatutawala na mimi nimeolewa karibuni, nilikuwa natoka shamba na mzigo wa ndizi. Mvua ikanikuta, ukungu ukashuka hata njia siioni. Nikajibanza mdomoni mwa shimo. Ningefanya nini kingine?

Ndipo nikamwona mwanamume amesimama nje, kwenye mvua ileile. Hakulowa. Mwili mzima umetapakaa vumbi la ulanga, unang'aa, na jua halikuwapo. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Akaniuliza mama yangu ni nani, nikamtajia. Akasema taratibu:

"Toka humo, mpwa wangu. Mwambie dada sikukimbia. Niko mkono wa kulia, nyuma ya mawe."

Niamini, miguu ilitoka yenyewe. Nilipompita sikuhisi joto la mtu. Nyuma yangu kishindo: dari limeshuka palepale nilipokuwa nimekaa, ndizi zangu zimefukiwa. Kugeuka, hayupo. Kwenye tope zilikuwapo nyayo zangu tu.

Mama aliponisikia hakuuliza mara mbili. Kesho yake, mvua ilipokatika, wanaume wa ukoo wakaenda kuchimba upande wa kulia. Wakamkuta. Mifupa mitupu, bega limegota chini ya gogo la nguzo, bangili ya shaba aliyovishwa na bibi ingali mkononi. Alikuwapo mzee Kibwana, aliyetoka mzima siku shimo lilipoporomoka. Akakaa chini kwenye tope.

"Gogo lilisimama mpaka nikatoka," akasema. "Sikujua limeshikwa na nani."

Mama hakulia. Aliinua kichwa akalitaja jina la kaka yake kwa sauti, mlima mzima usikie.

Mtoto wangu wa kwanza ni Mloka. Dada zangu nao kila mmoja ana Mloka wake, na ukiita jina hilo kwetu wanaitika watatu kwa pamoja. Mimi, mpaka leo, mvua ikianza kunyesha nasikia harufu ya vumbi la mawe, hata niwe jikoni.

Basi wewe, mvua ikikukuta kule juu, lowa. Usiingie mashimo yale; si kila mtu ana mjomba humo. Na mbele yangu usimwite mtu mtoro kama hujachimba kumtafuta.