Mwewe Aliyeniumbua Kikaoni

Nawaambia hili kwa kuwa mtaa mzima wa kwetu Nyegezi unalijua tayari, na bora mlisikie kwangu kuliko mlisikie kwa Bi Zuhura, maana yeye akilisimulia hutia chumvi, halafu huniigiza nilivyokuwa narusha mikono, na watu hucheka hadi wanashika mbavu. Mimi ni fundi cherehani, mtu mzima, kichwani nina mvi, na mwaka huu nimeaibishwa na ndege.

Nyumba yangu iko mlimani, katikati ya yale mawe makubwa, na nyuma nina bustani ndogo (mke wangu anaiita kichaka, lakini ni bustani). Kwenye mpera nimening'iniza vifuniko vitatu vya ndoo kwa waya, naviwekea mtama na chenga za mchele, na jioni nikirudi kutoka kibandani kwangu Kirumba nakaa kwenye kigoda nawatazama shomoro, chiriku na pugi wakigombania kula. Basi siku moja akashuka mwewe, sijui katokea wapi, akanyakua kinda la pugi mbele ya macho yangu, akaenda kumla juu ya jiwe huku ananitazama. Niliumia sana. Nikawaza, huyu njaa tu ndiyo inamsumbua, nikimshibisha atawaacha wadogo. Kesho yake nikamrushia dagaa mmoja (dagaa mmoja tu, jamani!), naye akamdaka hewani.

Mtu mzima mimi, nikapiga makofi. Ikawa mchezo wetu: saa kumi na moja jioni nasimama chini ya mpera, napunga mkono juu mara mbili tatu, anakuja anazunguka, narusha, anadaka. Pugi wangu hawakuguswa tena, nami nikajiona nina akili kuliko wataalamu wote wa wanyama.

Nisichokifikiria ni kwamba mwewe aliyeshiba jioni huamka na njaa asubuhi kama sisi, na kwa kuwa alishahamia mtaani, vifaranga wa Bi Zuhura walikuwa mlangoni pake. Bi Zuhura tumepakana ukuta kwa ukuta, mjane, mkubwa kwangu kwa umri, mkali lakini ana roho nzuri. Siku aliyokuja nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku machozi yanamlenga.

"Baba Neema, mwewe ananimalizia vifaranga. Wanne wiki hii! Hivi huyu katoka wapi?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikafungua kinywa, nikajisikia nasema, "Atakuwa katoka kule sokoni Mwaloni, hawa si wanafuata samaki?" Na ili asinishuku nikaongeza kwa ukali, "Lazima tumshughulikie huyu mwizi!"

Ukali wangu ukamfikia mjumbe wa mtaa, mjumbe akafurahi kupata mtu mwenye uchungu, na kabla sijakaa sawa nimeshateuliwa mwenyekiti wa kamati ya kumfukuza mwewe, na kikao kikapangwa bustanini kwangu, eti kuna kivuli. Jumamosi, saa kumi. (Nilijipa moyo: tutaongea nusu saa, ndege wangu huja saa kumi na moja. Nikasahau kwamba kwetu kikao cha saa kumi huanza watu wakishafika.)

Walijaa kama ishirini hivi. Wakanywa chai na sambusa, wakasalimiana upya, wakaulizana habari za ndugu wa Geita, na nilipokuja kusimama kufungua kikao, nimevaa koti nililojishonea mwenyewe, ilikuwa saa kumi na moja kasoro kidogo.

"Ndugu zangu," nikaanza, "adui yetu huyu hana huruma..."

Kivuli kikapita juu ya nyasi. Mwewe akatua kwenye mpera, juu ya kichwa changu kabisa, akaniangalia, akalia ule mlio wake mrefu mwembamba.

"Huyo! Huyo!" watu wakapiga kelele.

Mwenyekiti ni lazima aoneshe mfano, nikarusha mikono juu. "Toka! Toka hapa!" Na yeye, maskini, alichoona ni mimi napunga kama kila jioni, basi akaruka akaanza kunizunguka, nikazidi kupunga, akazidi kushuka, kadiri nilivyomfukuza ndivyo alivyonikaribia, mpaka bawa likanipiga sikioni, nikarudi nyuma, nikajikwaa kwenye kigoda, nikakaa kitako juu ya sinia la sambusa. Sambusa moja ikaruka juu. Mwewe akaidaka hewani, akaenda zake juu ya jiwe.

Watu wote wakanigeukia mimi.

"Baba Neema," Bi Zuhura akasema taratibu, "mbona huyu ndege anakujua?"

"Ananifananisha," nikasema.

"Anakufananisha na nani?"

Muda wa kutafuta jibu sikupewa, kwa sababu mke wangu alikuwa ndiyo kwanza karudi kutoka sokoni, kaingilia mlango wa mbele, akidhani kikao kimeshaisha, kupitia dirisha la jikoni akamwona mwewe juu ya jiwe, akatoa bakuli nje: "Baba Neema, mgeni wako kaja! Njoo uchukue dagaa zake!"

Mjumbe akafunga daftari lake. Mimi nikainuka, mafuta yananichuruzika kwenye suruali, nikamgeukia Bi Zuhura nikasema mbele ya wote kwamba ni mimi niliyemzoesha, anisamehe.

Hakucheka. "Vifaranga ningekusamehe siku ileile," akasema. "Lakini umenitazama machoni ukaniambia Mwaloni."

Hilo liliniuma kuliko kuanguka. Nikaomba radhi tena, nikageuka niingie ndani kama naleta kiti kingine, angalau nijifiche, na hapo akaona nyuma yangu: sambusa mbili nzima zimeganda kwenye suruali, kila upande moja. Akajizuia, akajizuia, kisha akaangua kicheko hadi mtandio ukamdondoka, na mtaa mzima ukamfuata.

Jumapili nilishinda kwake nikijenga banda la vifaranga lenye wavu wa waya, yeye kasimama ananielekeza, nami fundi wa nguo nikipigilia misumari na kidole gumba kwa zamu. Mwewe alikuja siku nne tano, akalia juu ya mpera, mimi nikiwa chumbani nimeshusha pazia, moyo unaniuma kidogo, siwafichi. Halafu akakata tamaa akaenda anakojua yeye.

Mtama bado naweka, pugi bado wanakuja. Ila nimeapa: nikikosea, hata kosa likiwa dogo kama dagaa, nakwenda kulisema kwa jirani mimi mwenyewe, jioni ileile, kabla halijaota mabawa.