Waipa Iliyolala Mteremkoni

Mkunga huyo alikuwa na miaka thelathini na moja kazini, na mtaani kwao usingepita kona mbili bila kukutana na mtu aliyepokelewa na mikono yake. Wanawake walimwita Bi Pole, kwa kuwa ndilo neno alilolisema tangu uchungu wa kwanza hadi mtoto alie. Ila alikuwa na hofu moja aliyoificha kama jino bovu: aliogopa kuendesha gari. Alijifunza akiwa na miaka hamsini, mumewe alipofariki na kumwachia kigari chao kidogo. Mvua ikinyesha, gari lilibaki uani, yeye akashika mwavuli na kwenda kazini kwa miguu.

Ndiyo maana waipa zilipoanza vituko hakujali sana. Ile ya upande wa dereva ilikuwa ikifika katikati ya kioo inasita, kama mtu aliyesahau alichotumwa. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa magari mwenye maneno mengi kuliko spana, alimwambia alilete gereji. Akajibu wiki ijayo, na wiki ijayo zikapita nne.

Jumanne moja, saa nane mchana, binti yake alimwita kutoka bafuni. Mimba ilikuwa ya wiki thelathini na nne. Damu ilikuwa nyingi, nyekundu, isiyo na maumivu. Mkunga alijua kabla hajafika mlangoni: kondo la nyuma limekaa njiani, mbele ya mtoto. Hapo hakuna cha kungoja. Ni upasuaji, na upesi. Alipopiga simu hospitali, gari la wagonjwa lilikuwa mbali, litarudi baada ya saa nzima. Mkwewe alikuwa safarini. Nje mvua ilikuwa inamwagika.

Akamlaza binti kiti cha nyuma, kwa ubavu wa kushoto, taulo mbili chini yake. Akawasha gari.

Walipoanza kushuka mteremko mrefu wa kuelekea hospitali, waipa ya dereva ikasita, ikatikisika, ikalala chini. Haikuinuka tena. Ya pili iliendelea kufuta upande wa abiria, ambako hakukuwa na mtu. Mbele yake kioo kikawa maji matupu. Akasikia honi ya lori nyuma yake, ndefu, karibu mno. Akakata usukani kushoto kwa kubahatisha tu, akihisi magurudumu yanaparuza changarawe, akakanyaga breki. Lori likapita na kulitikisa gari zima.

"Mama, tumefika?"

"Bado, mwanangu. Pole. Usijigeuze." Sauti yake ilikuwa ileile ya kazini.

Akampigia shemeji.

"Shemeji, waipa imekufa na nina mgonjwa anavuja damu. Ni mwanao."

Fundi, kwa mara ya kwanza maishani, hakutania. "Zote mbili?"

"Yangu tu. Nyingine inacheza."

"Basi mota nzima, fyuzi nzima. Ni nati pale mkono wa waipa unapoanzia, imelegea. Zima waipa kwanza, ziache zirudi chini. Shuka, bandua kifuniko cha plastiki pale chini kabisa. Laza mkono sambamba na mwenzake, ukandamize, halafu kaza nati. Una spana ya kumi na nne?"

"Sina spana yoyote."

"Tafuta chochote kinachobana, shemeji. Chochote!"

Akachukua mkoba wake wa uzazi, akatoa koleo la chuma la kubania kitovu. Akashuka. Mvua ilimchapa machoni, na kila gari lililopita lilimpiga na ukuta wa maji. Kifuniko kikamvunjia ukucha. Nati ilikuwa inazunguka kwa kidole. Akaibana kwa koleo, likateleza. Akabana tena, likateleza tena, likamchana kiganja. Kupitia dirishani aliona taulo la juu limebadilika rangi lote. Akajikuta anapiga kelele peke yake barabarani, hakujua alisema nini. Mara ya tano koleo likashika, akakaza hadi mkono ukafa ganzi.

Akarudi kwenye usukani, akawasha. Waipa ikapanda. Ikashuka. Ikapanda.

"Usiiweke kasi," shemeji alisema kwenye simu. "Meno yanayoushika mkono wake huenda yamelika, itateleza tena."

Ikateleza kweli, mita chache kabla ya lango la hospitali. Hakusimama. Alitoa kichwa dirishani, akaingia hivyo hivyo, macho yamejaa maji, akipiga honi mpaka manesi wakatoka na machela.

Walimchukua binti. Alipotaka kuingia chumba cha upasuaji, nesi ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi miaka iliyopita alimzuia kwa mkono. "Mama, leo wewe ni ndugu wa mgonjwa." Akakaa kwenye benchi, nguo zikichuruzika maji sakafuni, na ile elimu yake yote ikawa adui: kila dakika ilimwonyesha jambo jingine linaloweza kuharibika.

Baada ya dakika arobaini daktari alitoka. Mtoto wa kike, mdogo, anapumua kwa msaada. Mama yake ameongezwa damu chupa tatu. Kizazi kimesalimika, ila usiku huo asiachwe peke yake.

Mkunga akaitikia kwa kichwa. Akajishika benchi ili asimame, nesi akamshika kwapani.

"Pole, mama," nesi akamwambia. "Twende taratibu."