Mhandisi Aliyekataa Kuwasha Boila Rumonge

Saa moja asubuhi, Jovita Kankindi anapanda ngazi ya chuma, anasimama kando ya boila na kuvuta mkono mdogo wa vali. Mvuke unaruka kwa mlio mkali. Walio chini wanaziba masikio, yeye anatabasamu.

"Inapumua," anasema akishuka, jasho likimtiririka hadi kwenye kola ya ovaroli.

Nje ya lango, baiskeli zilizosheheni mikungu ya chikichi kutoka Minago na Kigwena zimeshapanga foleni. Kiwanda hiki kikubwa cha mafuta ya mawese na sabuni ndiko yanakoishia jasho na mavuno ya wakulima wengi wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Burundi.

Jovita, mwenye umri wa miaka 39, ni mmoja wa wahandisi watano wa mitambo. Alizaliwa Katumba, Tanzania, kwa wazazi Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Alisomea uhandisi Mbeya, kisha akarudi na wazazi wake kwenye shamba la babu yake huko Gatete.

"Kule nilikuwa mkimbizi. Huku wakaniita Mtanzania," anasema na kucheka. "Kiwandani ndiko nilikopata jina langu: Enjenia."

Jina hilo lilikuja na mzigo wake. Msimu wa chikichi ulipopamba moto, wahandisi walifanya zamu mbili mfululizo. Hapakuwa na chumba cha kupumzikia. Aliyezidiwa alijinyoosha juu ya makatoni ya sabuni. Vipuri viliagizwa ng'ambo na kuchelewa miezi, kwa hiyo walichomelea na kuungaunga.

"Ukiomba kupumzika, unaambiwa kazi ya mhandisi haina saa," anasema.

Mwaka juzi mwenzake, Dismasi, akiwa katika zamu ya pili, alifungua bomba alilodhani limeshapoa. Mvuke ukamuunguza mkono na shavu. Jovita alimpeleka hospitali kwa pikipiki, akiwa amemkumbatia kwa nyuma asianguke.

"Njia nzima ananiambia, 'Nisamehe, nilisinzia.' Mtu ameungua, na bado yeye ndiye anayeomba msamaha! Hilo lilinikaa moyoni."

Lilikuwa bado limemkaa moyoni mwezi Februari mwaka jana, vali ya usalama ilipogoma. Ndiyo inayotoa mvuke ukizidi, ili boila isipasuke. Jovita aliuvuta mkono wa vali, haukusogea. Akaamuru moto uzimwe.

Mkurugenzi wa uzalishaji alifika mbio. Uani chikichi zilikuwa zimerundikana, zimeanza kuchacha.

"Washa. Tutatengeneza Jumapili," alimwambia.

"Bwana mkurugenzi, siwashi."

"Basi nenda nyumbani. Atawasha mwingine."

Huyo mwingine alikuwa Josias Akonkwa, fundi wa zamu, mzaliwa wa Kivu Kusini. Josias alivua glavu zake na kuziweka mezani.

"Nikamwambia: patron, hata mimi siwashe," anakumbuka. "Iko batoto bananingojea nyumbani. Na Mama Enjenia hajatudanganyaka hata siku moja."

Wahandisi wengine nao wakatoka. Lakini nje ya lango walikutana na wakulima wenye hasira. Pontiani, mkulima wa Minago, alikuwa wa kwanza kufoka.

"Mwanangu, chikichi zangu zinaoza! Nitawalisha nini watoto?"

Jovita anakiri kwamba aliwaogopa wakulima kuliko alivyomwogopa mkurugenzi. Mikungu ya baba yake mwenyewe ilikuwa humo uani.

"Mzee, boila ikipasuka haitauliza nani mhandisi na nani mkulima," alimjibu. "Ukuta huo uliouegemea ndio wa kwanza kuanguka."

Pontiani aliugeukia ukuta, akaushika usukani wa baiskeli yake na kuisogeza mbali. Mmoja baada ya mwingine, wenzake wakamfuata.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Mume wa Jovita, Yonasi, ambaye ni mwalimu, alimtia moyo, lakini baba yake alipoteza sehemu kubwa ya mavuno na alipita mbele ya nyumba yao bila kubisha hodi.

Mmiliki wa kiwanda alipofika kutoka Bujumbura, aliagiza vali ifunguliwe mbele yake. Josias aliifungua. Ndani, kutu ilikuwa imeigandisha springi kabisa. Mmiliki aliitazama, akawatazama watu waliojaa uani, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwiteni yule mama arudi."

Jovita alirudi, lakini hakushika spana kabla ya kusema yake: mhandisi awe na haki ya kuzima mtambo wenye hatari bila kufukuzwa, na kila mtu afanye zamu moja kwa siku.

"Niliyataka hayo kwa ajili ya Dismasi," anasema. "Mmiliki alifikiri kidogo, akakubali. Nikamwambia murakoze, yaani asante, nikaingia kazini."

Si yote yaliyonyooka. Chumba cha mapumziko kimejengwa ila hakina feni, na vipuri vingine bado vinachelewa. Lakini tangu hapo hakuna aliyeungua. Baba yake naye alikuja mwenyewe siku moja na kikapu cha mihogo, akakaa, akaomba aelezwe vali ni kitu gani.

Sasa Jovita ameelekeza macho kwenye karakana mpya inayojengwa nyuma ya kiwanda. Mashine ya kuchongea chuma imeshafika kwa meli kutoka Kigoma, na Dismasi, aliyepona na kurejea kazini, ameteuliwa kuisimamia. Humo watachonga vipuri vyao wenyewe na kufundisha mafundi wapya, wasichana kwa wavulana.

Somo la kwanza ameshalichagua.

"Kila anayeingia hapa, siku yake ya kwanza nitamwonyesha jinsi ya kuzima mtambo," anasema. "Kuwasha atajifunza baadaye."