Mgongo Nilioufuata Marungu

Wengine hapa Kalemie wakinisikia husema huyu mama alikuwa na malaria siku ile. Sikuwa na malaria. Nilikuwa muzima, nina njaa, na miguu inaniuma. Muntu mwenye homa kali hakumbuki njaa yake. Mimi nakumbuka yote. Kuyaelewa tu ndiyo sijaweza mpaka leo.

Ilikuwa wakati wa Zaire. Mama yetu alikufa hapa Kalemie, na yaya wangu Kabwe, kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akichunga ng'ombe kule Pepa kwenye milima ya Marungu, hakuja kumzika. Na habari tulimtumia, Mama akiwa bado anapumua! Siku tatu Mama alimwita, jina lake tu, kisha akanyamaza. Siku ya kumaliza kilio ilipokaribia, wazee wa familia wakanituma nikamlete, kwa sababu mtoto wa kwanza hawezi kukosa siku hiyo.

Nilimkuta, na hakubisha. Mvua zilikuwa zimekata barabara, magari hayapiti, kwa hiyo tukashuka kwa miguu kuelekea Moba tukapande meli. Njia ya siku tatu milimani, kila mmoja na mzigo wake mgongoni, umefungwa kwa kamba za mpira. Siku ya kwanza hatukuambiana kitu zaidi ya "pita huku" na "tupumzike kidogo". Mimi nilikuwa na neno kooni, na yeye alilijua.

Siku ya pili radi zilianza asubuhi. Unaijua mvua ya Marungu? Haitoki juu tu, inakupiga na ubavuni, na nyuma yake unakuja ukungu ambao ukinyoosha mkono huoni vidole. Tulijifunika nailoni nyeusi, kila mmoja yake. Yaya akatangulia, akaniambia nisiuache mgongo wake. Sikuuacha, isipokuwa mara moja. Radi ilipiga karibu sana, nikachuchumaa na kufumba macho. Nilipofumbua, mgongo ulikuwa palepale mbele yangu, umesimama unaningojea. Nikainuka, tukaendelea.

Tulitembea saa nyingi. Sijui ni uchovu au ni ule ukungu, lakini neno lililokuwa kooni likatoka. Nilimwambia Mama alimwita siku tatu. Nilimwambia tulichelewesha maziko tukimngojea, mpaka watu wakaanza kunung'unika. Mwisho nikasema, "Yaya, mimi sitakusamehe."

Alisimama. Hakugeuka. Akasema taratibu, "Sema tena."

Nikasema tena. Kwa nini nilirudia? Hata mimi najiuliza. Aliinamisha kichwa kama muntu aliyepokea kitu alichokifuata, akaendelea kutembea.

Mbele tukakuta kijito kimejaa, na juu yake gogo moja la kuvukia. Yeye alivuka kwanza. Mimi niliteleza katikati, akanyoosha mkono kutoka ndani ya nailoni, akanishika. Sasa nisikilize vizuri. Mvua ilikuwa inatunyeshea tangu asubuhi, nguo zangu zote maji. Mkono ule ulikuwa mkavu. Mkavu kabisa, wenye joto, kama kuni zilizokaa siku nyingi juu ya jiko. Niliona ajabu, lakini muntu anayekaribia kuanguka haulizi. Nilivuka.

Ukungu ukapungua kidogo, nikaona nyumba ya wachungaji na moshi ukitoka. Niligeuza macho kuitazama nyumba, nikayarudisha njiani. Hapakuwa na muntu. Nikadhani yaya ameshaingia.

Na kweli, alikuwa ndani. Alikaa karibu na moto, shati lake limetundikwa, tayari limeanza kukauka. Mwenye nyumba, Mama Mwange, aliniangalia bila mshangao wowote.

"Maziwa yako inapoa, mama," aliniambia. "Si njo ulitoka tu sasa hivi."

Kwenye kigoda palikuwa na kikombe kilichonywewa nusu. Nilimwuliza ni cha nani. Akanijibu ni changu, kwamba nimefika na kaka yangu kitambo, nimekaa pale, nimekunywa, kisha nimetoka nje. Nikacheka kidogo, nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka.

Yaya akainuka. Macho yake yalikuwa mekundu, uso wake umelainika kama uso wa mtoto aliyemaliza kulia. Alinishika mikono miwili mbele ya yule mama.

"Asante, mudogo wangu," alisema. "Maneno umeniambia kule mulimani, njo imenipa uzima."

Ningefanya nini? Ningesema si mimi? Kama si mimi, ni nani? Na mimi niliyoyasema, nilimwambia nani? Nilikaa kwenye kile kigoda. Kilikuwa bado na joto.

Tulifika Moba, tukapanda meli, tukafika Kalemie. Kwenye kaburi la Mama, yaya alilia kama muntu aliyefunguliwa kamba. Hakurudi tena Pepa. Alilima hapa, alioa, alinisaidia kulea wanangu. Kila mara aliwaambia watu kwamba dada yake alimsamehe katika mvua. Mimi nilinyamaza. Na miaka ilivyopita, nilimsamehe kweli, bila kumwambia, maana kwake lilikuwa jambo la zamani.

Alipougua ugonjwa wa mwisho, aliniita karibu. Alitaka nimwambie tena yale maneno ya mulimani, yaleyale, ayasikie kabla hajalala. Maneno yenyewe sikuwahi kuyasikia. Nikamshika mkono, nikamwambia kwa moyo wangu wote, "Yaya, nimekusamehe."

Aliutoa mkono wake mkononi mwangu.

"Hapana," akasema. "Haikukuwa hayo."

Aligeukia ukutani. Alifariki kabla ya jua kutoka, na hakusema neno lingine.

Tangu hapo, muntu akinitangulia njiani wakati wa mvua, namwita jina mpaka ageuke. Wengine wananiona mwehu, na waseme. Wewe unayenisikia, ukiwa na neno zito kwa ndugu yako, jema au baya, usilitoe ukiwa nyuma yake. Mgeuze. Mwangalie machoni. Kama uso hauonekani, meza neno lako uendelee kutembea, kwa sababu kuna anayelipokea, na kuna anayekwenda kumwambia ndugu yako jingine kwa sauti yako.